Tuliliita Daftari: wiki ya ofisi yetu Dodoma na makosa yaliyotufundisha kuitumia

Andiko la mradi lilitakiwa limfikie mfadhili kabla ya saa sita usiku, Ijumaa moja ya mwezi wa tisa, 2021. Saa tano na dakika arobaini nilibonyeza kitufe cha kutuma, nikafunga kompyuta, nikatoka ofisini kwetu Area D nikiwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Jumatatu asubuhi mhasibu akaja mezani kwangu na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa bajeti niliyotuma: visima vinne. Ya pili ilikuwa bajeti aliyoikamilisha yeye Alhamisi: visima saba, pamoja na gharama za kufundisha kamati za maji. Maelezo ya mradi yalisema saba. Mafaili yote mawili yaliitwa "Bajeti ya mwisho", moja likiwa na neno "kabisa" mbele yake. Nililochukua mimi halikuwa hilo la "kabisa".

Mfadhili hakutugombeza. Alituandikia mistari mitatu kwamba hesabu hazilingani na maelezo, na mlango ukafungwa hapo. Vijiji vitatu vilivyokuwa vimetupa muda wao, vikatuonyesha maeneo ya kuchimba, vikakaa na sisi chini ya mti mchana kutwa, havikupata kisima mwaka ule. Naandika haya nikiwakumbuka wao kwanza, kwa sababu mara nyingi mambo ya mafaili yanaonekana ni ya watu wa ofisini tu.

Sisi ni taasisi ndogo, watu kumi na mmoja, tunafanya kazi ya maji na kilimo cha ukame katika wilaya za Bahi, Chamwino na Kongwa. Mvua za huku ni za msimu mmoja, zinaanza Desemba na kwisha Aprili, na zikishika kuna vijiji havifikiki kwa gari. Kwa hiyo mpango ukikosewa mwezi wa kumi, kazi inaahirishwa mpaka mwezi wa tano. Na mipango yetu wakati ule ilikuwa imetawanyika kila mahali: mingine kwenye barua pepe, mingine kwenye kundi la WhatsApp, mingine kwenye flashi ya afisa miradi aliyekwenda likizo nayo. Ukimwuliza mtu "mpango kazi uko wapi?" anakujibu "nilishakutumia". Na kweli alishatuma. Umetumwa mara tano, na kila mmoja ana wa kwake.

Wazo la wiki lilinijia kwa sababu nilikuwa nimewahi kuhariri kidogo Wikipedia ya Kiswahili, ile iliyoanza 2003. Nilikuwa naongeza sentensi moja moja kuhusu mambo ya huku kwetu, zabibu na mtama, na siku moja nikakuta mtu nisiyemjua kasahihisha maneno yangu. Nikafungua historia ya ukurasa, nikaona sentensi yangu ya zamani na yake mpya zimewekwa ubavu kwa ubavu, na saa aliyobadilisha. Sikukasirika. Niliona tu kwamba hapa hakuna "mwisho" na "mwisho kabisa". Ukurasa ni mmoja, na kila aliyeugusa anajulikana.

Kwa asiyeijua, wiki ni tovuti ambayo msomaji akiona kosa anabonyeza "hariri", analirekebisha palepale, na yaliyokuwepo mwanzo hayapotei, yanakaa kwenye historia. Ya kwanza iliwekwa hewani na Mmarekani, Ward Cunningham, mwezi Machi 1995. Jina alilitoa kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu liitwalo Wiki Wiki, maana kwa lugha ya Hawaii neno hilo ni haraka. Wahenga wetu wana la kusema juu ya haraka haraka, na mimi nilikuja kulikumbuka baadaye, nikiwa nimekwisha haribu.

Shida ya kwanza ilikuwa jina lenyewe. Nilipotangaza kwenye kikao cha Jumatatu kwamba "kuanzia sasa mipango yote tutaiweka kwenye wiki", mama wa mapokezi aliandika kwenye daftari lake, na baada ya kikao akanifuata kuuliza ni wiki hii au wiki ijayo. Afisa kilimo naye alidhani ni taarifa mpya ya kila wiki, akaanza kulalamika chinichini kwamba taarifa zimezidi. Wiki kwetu ni siku saba, hilo halibishaniwi. Tukakubaliana kuiita Daftari. Usidharau jambo hili dogo. Watu hawakiamini kitu ambacho hata jina lake linawachanganya, na neno daftari kila mtu analijua tangu darasa la kwanza: unaandika, unafuta, unarudi kusoma.

Januari 2022 tukaweka MediaWiki, programu ileile inayoendesha Wikipedia. Ni programu huria, hailipiwi. Tulicholipia ni seva ya kukodi na jina la tovuti, chini ya laki tatu kwa mwaka, pamoja na jioni zangu na bando langu, ambavyo sikuviandika kwenye bajeti yoyote. Niliichagua kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Sikujiuliza kama imetengenezwa kwa ajili ya kazi ninayoitaka. Hilo ndilo kosa lililozaa mengine.

Nilitaka Daftari lifanye kazi mbili kwa wakati mmoja. Nje liwe tovuti ya taasisi: sisi ni nani, tunafanya nini, miradi iko wapi. Ndani liwe mahali pa kupangia: ratiba za ziara, majukumu, kumbukumbu za vikao, orodha za watu wa kuonana nao vijijini. Nikaona ni busara, nyumba moja, fundi mmoja, gharama moja. Kurasa za nje nikaziunganisha na ukurasa wa mwanzo. Za ndani sikuziwekea kiungo, nikidhani ukurasa usio na kiungo hapo mbele hauonekani na mtu.

Unaonekana. MediaWiki ikiwekwa kama inavyokuja, kila ukurasa unasomwa na yeyote duniani. Kuna orodha ya kurasa zote, kuna orodha ya mabadiliko ya karibuni, na mitambo ya Google inapita humo kama kuku anavyopita uani. Unaweza kuifunga yote isisomwe bila nywila, hilo linawezekana. Lakini kuifanya ionyeshe nusu na kuficha nusu, ukurasa huu wazi na ule siri, haikujengwa kwa ajili hiyo, na wenyewe wanaoitengeneza wanatahadharisha hivyo kwenye maelezo yao. Sikuyasoma. Nilisoma sehemu ya kuweka programu, nikaona ukurasa wa mwanzo umefunguka, nikafurahi.

Mwezi wa kumi na moja mwaka uleule nilipigiwa simu na mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa katika kijiji kimoja cha Bahi. Hakusalimia kama kawaida yake. "Mwanangu, jina langu na namba yangu vimefikaje kwenye mtandao?" Wiki ile alikuwa amepigiwa na tapeli, wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akimtaja kwa jina na kwa cheo chake cha kikundi. Hakutuma, ni mtu makini. Lakini kijana wake anayesoma mjini akaandika jina la mama yake kwenye Google, na kitu cha kwanza kilichotokea ni ukurasa wetu: "Ziara ya Bahi, Oktoba". Majina ya viongozi wa vikundi kumi na viwili, namba zao za simu, na safu ya mwisho ikiwa na kiasi ambacho kila kikundi kilikuwa nacho kwenye sanduku.

Sijui kama tapeli aliipata namba pale. Haikunipa faraja yoyote, maana ingeweza kuwa pale, na aliyeiweka ni mimi.

Nilikimbilia kompyuta nikafuta jedwali lote. Nikashusha pumzi. Yule kijana akaniandikia usiku: "Dada, bado ipo." Alikuwa amebonyeza historia ya ukurasa. Kile nilichokipenda siku ya kwanza, kwamba hakuna kinachopotea, sasa kilikuwa kinanisuta. Kufuta mstari kwenye wiki hakufuti mstari. Ni lazima mwenye mamlaka ya msimamizi aingie afiche matoleo ya zamani moja moja, au ukurasa mzima uondolewe. Tulipomaliza hilo, tukagundua kwamba faili la Excel nililopakia na orodha ileile linafunguka kwa mtu yeyote mwenye anwani yake, hata ukurasa ukiwa haupo. Tukaliondoa nalo. Kisha tukaiomba Google iondoe kwenye matokeo yake, na kila asubuhi kwa siku kadhaa nikawa naandika jina la yule mama kutazama kama limeondoka.

Nilikwenda Bahi mwenyewe kuomba radhi, kwa barabara ya Singida, bila kutuma ujumbe kupitia kwa mtendaji. Alinikaribisha kwenye kigoda, akaleta karanga za kuchemsha kwenye sinia, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika mbele ya Daftari letu mpaka leo: "Mtuulize kwanza." Nilikwenda pia kwa viongozi wengine kumi na mmoja, kijiji kwa kijiji. Ilinichukua siku nne. Mmoja alisema hafanyi kazi na sisi tena, na hajarudi.

Miezi sita baadaye, Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa 2022 ikaanza kutumika nchini. Niliposoma kwamba kukusanya, kutunza na kutoa taarifa za mtu kuna masharti, na kwamba kuna Tume ya kusimamia, tumbo lilinikata. Kama wewe uko kwenye taasisi na unaweka majina ya wanufaika kwenye chombo chochote cha mtandaoni, anza na sheria hiyo kabla hujaanza na programu.

Tukajenga upya, safari hii nyumba mbili. Tovuti ya nje ikabaki peke yake, nyepesi, haina nafasi ya mtu kuhariri kutoka nje. Kwa mipango ya ndani tukahamia DokuWiki, programu nyingine ya wiki. Ni ya miaka mingi pia, Mjerumani Andreas Gohr ndiye aliyeianzisha mwaka 2004, na ina mambo mawili yaliyotufaa. La kwanza, ruhusa zimejengwa ndani yake: unaweza kusema sehemu hii isomwe na wote, ile na maafisa miradi tu, ile nyingine na mkurugenzi na mhasibu. La pili, haitumii hifadhidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi matupu ndani ya folda, unaloweza kulifungua hata kwa programu ya kawaida ya kuandikia. Umuhimu wa hili la pili niliujua baadaye.

Nikaiweka kwenye kompyuta ya zamani pale ofisini, ndani ya mtandao wa ofisi tu, kwa woga niliokuwa nao. Hilo nalo likawa kosa, la upande wa pili. Maafisa wetu wanaokaa Kongwa hawakuweza kuifungua, wakarudi kwenye WhatsApp, na WhatsApp ikarudi na mafaili yake ya "mwisho kabisa". Kisha jioni moja umeme ulikatika na kurudi mara tatu kwa kishindo, na asubuhi kompyuta ile haikuwaka. Nakala rudufu nilikuwa natengeneza kila usiku, ndiyo, lakini nilikuwa nazihifadhi kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo. Bahati ni kwamba wiki tatu nyuma nilikuwa nimenakili folda nzima kwenye flashi ili nikaonyeshe Kongwa. Nikaichomeka kwenye kompyuta nyingine, kurasa zote zikafunguka kama mafaili ya kawaida. Tulipoteza wiki tatu za kazi. Tungeweza kupoteza mwaka. Sasa Daftari liko kwenye seva ya kukodi, haliingiliki bila nywila, na nakala inakwenda sehemu mbili zisizo chini ya paa moja. Kila mwezi mtu anaijaribu kuifungua, kwa sababu nakala ambayo hujaijaribu huna uhakika nayo.

Hapo nikadhani tumefika. Milango imefungwa vizuri, kila mtu ana nywila, nimetoa mafunzo ya siku mbili na chai na maandazi. Nilikuwa nimehamisha mafaili ya Word zaidi ya mia moja, moja baada ya jingine, kwa mikono yangu. Baada ya miezi miwili nikafungua orodha ya mabadiliko ya karibuni. Jina langu. Jina langu. Jina langu. Mabadiliko kumi, tisa ya kwangu, na la kumi ni la afisa kilimo akijaribu kubadilisha nywila.

Kilichokuwa kinatokea nilikiona kwa macho asubuhi moja. Afisa maji alikuwa ameprinti ukurasa wa mpango kazi kutoka kwenye Daftari, akausahihisha kwa kalamu nyekundu, akauleta mezani kwangu ili *mimi* niingize. Nikamwuliza kwa nini hakubonyeza hariri. Akatazama mlango wa ofisi ya mkurugenzi. "Dada, ukurasa huu kauandika bosi. Nani mimi nifute maneno yake, halafu jina langu libaki pale limeandikwa na saa kabisa?"

Nilikaa na maneno yale siku nzima. Wiki imesimama juu ya jambo moja: yeyote anayeona kosa alirekebishe. Ofisi zetu nyingi zimesimama juu ya jambo jingine: anayeona kosa amwambie mkubwa wake, faraghani, kwa heshima, na mkubwa akipenda atarekebisha. Heshima hiyo siidharau, nimelelewa nayo. Lakini nilikuwa nimeleta chombo kinachotaka kila mtu aguse, nikakiweka katikati ya watu waliofundishwa kutogusa, na sikufungua kinywa kulizungumza. Kosa la Bahi na ukimya huu vilitoka chungu kimoja. Nilikuwa nimeshughulika na programu, na sikuwahi kukaa na wenzangu kukubaliana nani anaruhusiwa kuona nini, na nani anaruhusiwa kumrekebisha nani.

Aliyetufungulia njia ni dereva wetu. Mzee wa miaka sitini kasoro, Mgogo wa Chamwino, anayeijua kila njia ya ng'ombe kati ya Bahi na Mpwapwa. Alikuja mezani kwangu siku moja ya Januari, kofia mkononi. "Binti, ile safari ya tarehe tisa mwezi wa pili mmeiandika kupita kule bondeni. Korongo lile likijaa hampiti. Mtalala upande wa pili." Nilitaka kuandika kwenye karatasi nimpelekee mkurugenzi, nikasita. Nikasogeza kiti. "Mzee, kaa hapa. Andika mwenyewe."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Aliandika kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu, akitafuta kila herufi kama mtu anayetafuta sindano mchangani: KORONGO LIKIJAA MSIPITE. RUDINI. JANUARI NA FEBRUARI PITENI NJIA YA JUU, NI MBALI LAKINI MNAFIKA. Kisha akafuta tarehe tisa. Akaniuliza, "Na hii atajua ni mimi?" Nikamwambia atajua, jina lako hilo hapo. Akafikiri kidogo. "Basi vizuri. Akitaka kuuliza ataniuliza mimi."

Kikao cha Jumatatu tulikuwa tunakiendesha kwa kuakisi Daftari ukutani. Ukurasa wa ziara ukafunguka, herufi kubwa zile zikajaa ukuta mzima, na tarehe ya mkurugenzi imefutwa. Chumba kikawa kimya. Mkurugenzi akasoma, akauliza nani kaandika, Mzee akanyoosha mkono. Mkurugenzi akamwuliza njia ya juu inaongeza saa ngapi. "Moja na nusu." Akamgeukia afisa maji: "Andika tarehe kumi na tano, tuondoke saa kumi na moja alfajiri." Afisa maji akaandika palepale, kwenye ukurasa wa bosi, mbele ya bosi. Wiki ile watu watano walihariri kwa mara ya kwanza. Hakuna mafunzo niliyotoa mimi yaliyofanya kazi ile.

Baada ya hapo tukaketi kweli kukubaliana, na haya ndiyo yaliyotusaidia zaidi. Ukurasa wa mpango unafuata mradi, haufuati mwezi. Tulipokuwa na "Mpango wa Machi", "Mpango wa Aprili", kila mwezi tulianza upya na ya nyuma yakasahaulika, lakini ukurasa mmoja wa mradi unakua nao mpaka unafungwa. Kila jukumu lina jina la mtu mmoja na tarehe. Ukiandika "timu" hakuna atakayelifanya. Anayebadilisha kitu kizito, kama tarehe au idadi, anaandika sababu kwa maneno machache kwenye kisanduku cha muhtasari, ili mwenzake asidhani kaonewa. Kumbukumbu za kikao zinaandikwa kikao kikiendelea, ukutani, kila mtu akiona. Hii peke yake ilimaliza ule ugomvi wa "mimi sikusema hivyo". Na kila Ijumaa saa tisa mtu mmoja, kwa zamu ya mwezi, anafagia: anaunganisha kurasa zinazofanana, anahamisha zilizokufa kwenda ghalani, anawapigia wenye majukumu yaliyopitiliza tarehe. Zamu hiyo ni lazima iwe kwenye mpango kazi wa mtu, na saa zake zihesabiwe. Mwaka wa kwanza nilifagia peke yangu usiku na nikachoka hadi nikalichukia Daftari.

Si kila kitu kiliingia. Mhasibu alikataa kuweka bajeti humo, nikambishia miezi mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Jedwali la wiki halijumlishi, na mtu akikosea alama moja safu zote zinahama. Bajeti imebaki kwenye Excel, faili moja, sehemu moja, na kwenye ukurasa wa mradi kuna kiungo cha kuelekea hapo pamoja na tarehe aliyoligusa mara ya mwisho. Hivyo ndivyo kosa la visima vinne lilivyotibiwa hasa. Msihangaike kulazimisha.

Yanayowekwa kwenye tovuti ya nje nayo yamepata utaratibu. Rasimu inaanzia kwenye Daftari, sehemu inayoitwa "tovuti", ambako kila mtu anaandika na kusahihisha kwa uhuru. Juu ya ukurasa kuna neno moja: rasimu, imehakikiwa, au imeruhusiwa. Afisa wa kijiji husika ndiye anayehakiki, si mimi, kwa sababu yeye ndiye atakayekutana na watu hao kesho. Mkurugenzi anaruhusu. Mtu mmoja tu ndiye anayenakili kwenda tovuti ya nje, na chini ya kila ukurasa tunaandika tarehe ya mwisho kuhakikiwa. Kabla ya hapo tovuti yetu ilikuwa inamtaja kama afisa miradi mtu aliyeondoka miaka miwili nyuma, na namba ya ofisi haipatikani. Tunaandika kwa Kiswahili kwanza, halafu ndipo tunatafsiri kwa ajili ya wafadhili. Zamani tulifanya kinyume, na ile ya Kiswahili haikuandikwa kamwe, hali wanaoandikwa humo ni watu wa Bahi na Kongwa wanaofungua kwa simu na bando la siku. Picha tunazipunguza uzito kwa sababu hiyohiyo.

Neno la yule mama ndilo linalotusumbua kwa uzuri. Jina la mtu, picha yake, au habari ya kikundi chake haiendi nje mpaka asomewe maandishi yenyewe na akubali. Inachelewesha. Kuna kurasa zimekaa kwenye "imehakikiwa" mwezi mzima kwa sababu mtu yuko shamba na simu haishiki. Tumekubali kuchelewa.

Mwezi uliopita nilimpigia yeye mwenyewe. Tulikuwa tumeandika ukurasa mfupi kuhusu kikundi chake, walivyonunua pampu ya kumwagilia mboga. Nilimwambia nitamsomea, akasema subiri, akaita wenzake wawili, akaweka simu kwenye spika. Nikasoma pole pole. Nilipofika kwenye sentensi ya pili akanikatiza.

"Hapo rudia."

"Kikundi kilianza na wanawake kumi na watano."

"Kumi na wanane. Watatu wamehama, lakini siku ya kwanza tulikuwa kumi na wanane, na wao waandike."

Nikabonyeza hariri, nikarekebisha akiwa bado kwenye simu, na kwenye kisanduku cha sababu nikaandika cheo chake na tarehe. Akaniuliza kama picha yake itakuwepo. Nikamwambia ikiwa anataka. Akasema anataka, ile aliyovaa kitenge cha bluu, na jina lake lote liwepo. Namba ya simu hapana.